Zilizosimama Utosini

Mtu akisimama Raskazone usiku usio na mawingu, akauinua uso mpaka shingo ilalamike, kisha akageuka kidogo kuelekea kaskazini-mashariki, atakuwa anatazama mahali ilipo setilaiti moja ya Nigeria. Hataiona, maana macho matupu hayafiki huko. Inaitwa NigComSat-1R. Kituo chake ni longitudo ya nyuzi 42.5 mashariki, juu ya ikweta, na kamba ikishushwa kutoka tumboni mwake mpaka chini itagusa ardhi katika bonde la Mto Juba, kilomita 40 hivi kaskazini ya Kismayu. Kutoka Tanga kimo chake ni nyuzi 83. Zimebaki 7 tu iwe utosini kabisa. Usiku huo, mchana wake, na mwaka mzima, haibanduki hapo.

Chombo cha Nigeria kinafanya nini juu ya Somalia? Jibu ni la kiofisi zaidi kuliko la kisayansi. Nafasi kwenye mzingo wa setilaiti hizi zisizobanduka, ziitwazo tuli, hupangwa kupitia ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano ya simu na redio, na nafasi zinazoitazama Afrika Magharibi kwa ukaribu zina wagombea wengi. Nigeria ilipata 42.5, mahali ambapo bara zima la Afrika bado linaonekana. Setilaiti ya kwanza, NigComSat-1, iliyojengwa China, ilirushwa Mei 2007. Novemba 2008 mfumo wake wa umeme wa jua ukaharibika, ikafa mapema mno kwa chombo kilichotengenezwa kiishi miaka 15. Mrithi wake, mwenye R mwishoni mwa jina, alirushwa kutoka Xichang tarehe 19 Desemba 2011. Kazi yake kubwa ni mawasiliano: televisheni, simu, intaneti. Lakini kilifungwa ndani yake pia kifaa kimoja ambacho wengi hawakukijali kwa miaka mingi, kifaa cha kurusha mawimbi ya uongozaji kwenye masafa yaleyale ya GPS.

Tanga ni mji wa waja leo, warudi leo. Hizi za juu haziji wala hazirudi.

Na hata hivyo hazijatulia hata sekunde moja. Setilaiti ya aina hii hukimbia kilomita 3.07 kila sekunde kuelekea mashariki, sambamba na dunia inavyojizungusha, na kwa kuwa mwendo wa pande zote mbili unalingana, aliye chini huiona imeganda. Siku yake si saa 24. Ni saa 23, dakika 56 na sekunde 4, muda ambao dunia huuchukua kujizungusha mara moja ikipimwa kwa nyota badala ya jua. Dakika hizo nne zinazopungua ndizo zinazokifanya Kilimia, lile kundi la nyota, kichomoze mapema kidogo kila usiku, mpaka mkulima wa Muheza au Pangani anakiona mashariki alfajiri ya mwezi wa Juni. Wahandisi wa setilaiti na wazee waliokuwa wakihesabu misimu kwa Kilimia wametumia saa moja, ila hawakukutana kulizungumza.

Umbali nao hauna mjadala. Kwa sheria ya Kepler, chombo kinachotaka mzunguko wa muda huo lazima kiwe kilomita 42,164 kutoka kitovu cha dunia, yaani kilomita 35,786 juu ya ikweta. Basi la Tanga kwenda Dar es Salaam hukata kilomita 350 hivi. Lingehitaji kwenda na kurudi mara 51 ndipo lifikishe urefu huo. Mawimbi ya redio huumaliza kwa sehemu 12 za mia za sekunde.

Wanaoufahamu mzingo huu vizuri kuliko watu wote wa Tanga ni mafundi dishi. Fundi anayepanda juu ya bati la nyumba ya Chumbageni au Makorora anajua kwamba dishi la DStv hutafuta nyuzi 36 mashariki, karibu na utosi, na la Azam huinamishwa magharibi kuitafuta 7. Hana haja ya mlinganyo wowote. Ana kipimo kidogo cha mawimbi, spana, na mwenzake chini anayepiga kelele kwamba picha imekaa au bado. Anajua pia kwamba siku chache za Machi na Septemba, mchana, picha huchafuka kwa dakika kadhaa na king'amuzi hakina kosa. Siku hizo jua hupita nyuma ya setilaiti kabisa, na kelele zake za redio huimeza sauti ndogo inayotoka huko. Katika misimu hiyohiyo, saa sita za usiku, setilaiti nayo huingia kwenye kivuli cha dunia kwa muda unaoweza kufika dakika 70, ikaishi kwa betri.

Kukaa mahali pamoja ni kazi ya kila wiki. Mwezi na jua huvuta mzingo huo pembeni, na bila kusahihishwa ungeinama karibu uzi mmoja kila mwaka. Tena dunia si duara kamili hata kwenye ikweta: kuna sehemu zenye uzito zaidi, na kwa sababu hiyo mzingo huu una mashimo mawili yasiyoonekana ambamo kila kilichokufa huelekea kuteleza. Moja liko nyuzi 75 mashariki, kusini ya India. Jingine 105 magharibi, upande wa pili wa dunia. Kila kilichosimama juu ya Afrika Mashariki, basi, kinavutwa kuelekea Bara Hindi mchana na usiku, na waongozaji wake walio chini hukirudisha kwa kuunguza mafuta kidogo kidogo. Umri wa setilaiti kwa kawaida ni umri wa mafuta hayo. Yakikaribia kwisha, iliyotunzwa vyema husukumwa juu kilomita 300 hivi, ikaachwa huko na wafu wenzake.

Kuhusu mzingo huu wengi huchanganya mambo. Setilaiti za GPS zinazoiambia simu iko wapi hazimo kwenye mzingo huu. Ziko chini zaidi, kilomita 20,200, nazo huchomoza na kutua, kila moja ikizunguka dunia mara mbili kwa siku. Kipokezi huhitaji nne kwa wakati mmoja: tatu za mahali na moja ya kusahihisha saa yake, kwa kuwa saa ya simu ni ya bei poa na saa za huko juu ni za atomu. Hata hizo za atomu hurekebishwa kabla ya safari, maana kwa hesabu za Einstein zingetangulia saa za ardhini kwa maikrosekunde 38 kila siku, na kosa hilo likigeuzwa kuwa umbali ni zaidi ya kilomita 11.

Kwa nini basi zisitumike zilizosimama, ambazo hazina haja ya kutafutwa? Tanga ndiyo mahali pazuri pa kulijibu swali hilo, kwa sababu Tanga ingepotea. Setilaiti zote tuli zimo kwenye mstari mmoja, juu ya ikweta. Umbali kutoka kwa kila moja yao hadi Tanga, latitudo 5 kusini, ni sawasawa na umbali wake hadi mahali palipo nyuzi 5 kaskazini kwenye longitudo ileile. Kipokezi kinachosikiliza setilaiti tuli peke yake, hata ziwe kumi, hakina njia ya kuzitenganisha sehemu hizo mbili. Nahodha aliyefunga gati Tanga angeweza kuonyeshwa kwamba yuko nchi kavu karibu na Negele, kusini mwa Ethiopia, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwenye nanga yake. Na si hilo tu. Kadiri mtu anavyoikaribia ikweta ndivyo setilaiti hizo zinavyopangika juu ya kichwa chake kwa mstari wa mashariki na magharibi, zikawa hodari wa kusema mashariki ni wapi na mabubu kabisa kuhusu kaskazini.

Wanamaji wa kale wa Bahari ya Hindi waliujua ugonjwa unaofanana na huo. Ahmad ibn Majid, nahodha na mtunzi wa karne ya 15 kutoka Julfar, Ghuba, alipima latitudo kwa vidole na kwa kibao chenye uzi kilichoitwa kamal, akiitazama nyota ya Kaskazini, ambayo karibu haihami. Kusini ya ikweta nyota hiyo huzama chini ya upeo, na chombo kinachoshuka na kaskazi kuelekea Tanga, Pangani na Kilwa hubaki bila ya kitu kilichotulia angani. Alichofanya ni kuziendea nyota nyingine zinazozunguka, Farqadan na kundi la Dubu Mkubwa, akangoja zifike kwenye kimo anachokijua ndipo akapima. Kisichohama kikikosekana, hutumika kinachohama, mradi mwendo wake umehesabiwa.

India ilifuata hesabu hiyohiyo ilipotengeneza mfumo wake wa uongozaji, NavIC. Ulipangwa uwe na setilaiti saba: tatu tuli, na nne ambazo mzingo wake umeinamishwa makusudi nyuzi 29, hivyo kila siku huchora umbo la namba nane angani. Mbili kati ya hizo nne hulichora umbo lao kwenye longitudo 55, zikipanda hadi usawa wa Ghuba na kushuka kusini kupita Madagaska, na kwa mwendo huo hurudisha ule upande wa kaskazini na kusini ambao zilizosimama haziujui. Mojawapo ya tuli, IRNSS-1F, yenye uzito wa kilo 1,425, ilirushwa tarehe 10 Machi 2016 na kupangiwa nyuzi 32.5 mashariki. Ikweta ikikatwa na longitudo hiyo, unapata maji ya Ziwa Nyanza, hatua chache kutoka Entebbe.

Msafara wa wageni utosini haujaisha. Kwenye nyuzi 31.5, juu ya Uganda, kuna ASTRA 5B, iliyorushwa Machi 2014 na kubeba kifaa cha mfumo wa Ulaya wa kusahihisha GPS unaoitwa EGNOS. Kwenye 55, kaskazini ya Shelisheli, iliwekwa mwaka 2011 GSAT-8 ya India, yenye kifaa cha mfumo mwingine, GAGAN. Na katikati yao Nigeria, kwenye 42.5. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyowekwa kwa ajili ya watu walio chini yake.

Jambo hili liliwahi kuudhi wakubwa. Desemba 1976 nchi za ikweta zilikutana Bogotá, Kolombia, zikatoa azimio kwamba kipande cha mzingo huo kilicho juu ya nchi ni mali ya asili ya nchi hiyo, kama ulivyo msitu au mgodi. Kenya ilitia saini. Uganda ikatia saini, na Kongo zote mbili. Dunia haikulikubali azimio hilo. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha sehemu ya anga hizo, na mataifa yaliyokuwa na roketi hayakuona sababu ya kulipa kodi ya pango kwa yasiyokuwa nazo. Tanzania haikuhusika, kwa sababu rahisi kwamba ikweta haigusi ardhi yake. Tanga yenyewe iko kilomita 560 kusini. Leo ni rahisi kulicheka azimio la Bogotá. Lakini liliona jambo la kweli, kwamba nafasi iliyo juu ya ikweta ina thamani na itagawanywa. Lilikosea mahali thamani hiyo inapotengenezwa.

Haitengenezwi juu. EGNOS, GAGAN, na WAAS ya Marekani, ambayo ilianza kazi rasmi Julai 2003, zote hufuata utaratibu mmoja. Vituo vingi vya ardhini, kila kimoja kikiwa na mahali panapojulikana kwa sentimita, husikiliza GPS mchana na usiku. GPS ikisema kituo kiko mita tatu pembeni ya pale kilipo, kosa limepatikana. Makosa ya vituo vyote hukusanywa kwenye kituo kikuu, yakachujwa, yakageuzwa kuwa masahihisho, kisha yakapelekwa juu kwa setilaiti tuli, nayo huyarudisha chini kwenye masafa ya megahezi 1575.42, yaleyale ya GPS, ili kipokezi kilekile kiyasikie bila antena ya pili. Kasi ya ujumbe ni biti 250 kwa sekunde. Meseji moja ya simu yenye herufi 160 ingechukua zaidi ya sekunde nne kupita. Njia ni nyembamba hivyo, na bado inatosha kuishusha ndege kwenye mawingu mazito hadi futi 200 juu ya barabara yake.

Jambo muhimu kuliko usahihi ni onyo. Setilaiti ya GPS inaweza kuharibika na kudanganya kwa muda mrefu kabla ya wenyewe kugundua. Kwa mifumo hii rubani anayetua hutakiwa kuambiwa ndani ya sekunde 6 kwamba asiiamini. Hapo ndipo faida ya kusimama inapoonekana. Setilaiti tuli haitui, kwa hiyo daima iko machoni pa kila mtu wa eneo lake, tayari kupiga mbiu.

Mpima ardhi mwenye kipokezi cha mkononi jijini Tanga anaweza kuiona hali hii kwenye kioo chake. Setilaiti za GPS huandikwa kwa namba 1 hadi 32. Ikitokea namba ya juu zaidi, mathalani 40, hiyo ni GSAT-8 inazungumza, na inazungumza kwa nguvu, kwani iko nyuzi 70 juu ya upeo. Inachozungumza ni hali ya anga ya India. Masahihisho yake ya Delhi na Bengaluru hayaifai Tanga.

Sababu ni ionosfea, nayo ndiyo kiini cha habari yote hii. Kuanzia kilomita 80 hivi kwenda juu, mwanga wa jua huvunja chembe za hewa zikabaki na umeme, na mawimbi ya redio yanayopita hapo huchelewa. Ucheleweshaji wa sehemu ndogo sana ya sekunde huonekana ardhini kama umbali usiokuwepo. Huko Ulaya safu hiyo ni tulivu, hubadilika polepole, na vituo vichache huitosha. Kwenye ukanda wa joto mambo ni mengine. Mchana, kwenye ikweta ya sumaku, umeme wa angani huziinua chembe hizo juu kama chemchemi, kisha huzimwaga pande mbili, nyuzi 15 hivi kaskazini na nyuzi 15 kusini, zikarundikana huko kwa vilele viwili. Katika Afrika Mashariki ikweta ya sumaku haifuatani na ile ya ramani. Imepanda mpaka Ethiopia, karibu na Addis Ababa, latitudo 9 kaskazini. Msomaji apige hesabu mwenyewe: tisa ukitoa kumi na tano. Kilele cha kusini kinaangukia pwani ya kaskazini ya Tanzania.

Tanga, kwa maneno mengine, iko chini ya sehemu mojawapo iliyo ngumu kuliko zote duniani kwa kazi hii. Miaka ambayo jua limechangamka, na hilo hutokea kila baada ya miaka 11 hivi, mawimbi ya GPS yanayoshuka wima mchana hapa yanaweza kucheleweshwa kwa kiasi cha mita 15 na zaidi. Jua likizama, balaa la pili: safu hupasuka na kutoa mapovu makubwa yenye chembe chache, na mawimbi yanayopita kandokando ya mapovu hayo humetameta kama nyota juu ya upeo wa bahari. Kipokezi hupoteza setilaiti moja baada ya nyingine, kati ya saa moja na saa sita za usiku, hasa miezi inayozunguka Machi na Septemba. Anayesafiri usiku na kuona ramani ya simu ikirukaruka huilaumu simu.

Mifumo hii ya masahihisho huigawa ionosfea kwa gridi ya pointi, kila moja nyuzi 5 kutoka kwa jirani yake, zikihesabiwa kwamba zinaning'inia kilomita 350 juu. Pointi iliyo karibu na Tanga ni ya latitudo 5 kusini na longitudo 40 mashariki: juu ya bahari, mashariki kidogo ya Pemba. Ili pointi hiyo ijazwe namba za kuaminika, lazima vituo vya ardhini viitazame kutoka pande kadhaa. Setilaiti iliyo juu ya Kismayu haiwezi kuijaza. Yenyewe ni mdomo tu, na mdomo husema ulichoambiwa.

Haja ipo? Swali hilo lastahili jibu la haki. Mvuvi wa Sahare au Kigombe anayekwenda Mkondo wa Pemba kwa ngalawa au boti ya mashine haihitaji mita moja. GPS ya kawaida inamtosha kurudi kwenye mwamba wake, na kinachomuua baharini ni upepo, mashine mbovu na kukosa koti la kuelea, si makosa ya ionosfea. Wanaomtaja mvuvi kila wanapotafuta fedha za miradi ya angani wamwache apumzike.

Walio na haja ni wengine. Bandari ya Tanga, ambayo kwa miongo mingi ilishusha mizigo kwa matishari kutoka kwa meli zilizotia nanga mbali, imechimbwa lango lake kutoka kina cha mita 3 hadi 13 na kupata gati la mita 450. Mfereji wa namna hiyo hupimwa tena na tena, kwa maana mchanga hurudi, na meli kubwa inayopita humo haina nafasi ya kukosea mita nyingi. Bomba la mafuta ghafi la EACOP limepimwa kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani. Linaanzia karibu kabisa na longitudo ya ASTRA 5B na kuishia kwenye peninsula iliyo ng'ambo ya mji wa Tanga. Wapima wana dhiki yao ya zamani pia: ramani za tangu ukoloni zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ambao msingi wake hauoani na wa GPS, kiasi kwamba mwenye kusoma namba za GPS na kuziweka juu ya ramani hizo bila kuzigeuza hujikuta mita 300 hivi kaskazini au kusini ya ukweli. Shamba zima la mkonge halihamishiki, lakini mpaka wa kiwanja huko Pongwe unaweza kuzaa kesi ya miaka kumi.

Na kuna ndege ndogo zinazounganisha Tanga na Pemba na Unguja. Masika, mawingu yakikaa chini juu ya mji, rubani anayekwenda kwenye uwanja usio na mitambo ghali ya ardhini ya kuongozea kutua ana njia mbili, kungoja au kurudi. Mfumo wa masahihisho kutoka angani ulibuniwa kwa viwanja vya aina hiyo hasa: hauhitaji mtambo wowote kando ya barabara ya ndege.

Afrika imeshaanza. Septemba 2020 ASECNA, shirika la usalama wa anga lenye makao Dakar, lilianza kurusha mawimbi ya majaribio ya mfumo wake kupitia kifaa kile kilichosahauliwa ndani ya NigComSat-1R. Januari 2021 ndege yake ilifanya safari za maonyesho uwanja wa Lomé, Togo, ikiongozwa na mawimbi yaliyotoka nyuzi 42.5 mashariki. Kwa hiyo ndege ilitua pwani ya Atlantiki ikisikiliza sauti iliyokuwa inaning'inia karibu na utosi wa Tanga. Tanga yenyewe haikuwa na cha kusikia. Wanachama wa ASECNA wengi ni nchi zinazozungumza Kifaransa za Magharibi na Kati, pamoja na Madagaska na Komoro. Komoro, majirani wa bahari moja, wamo. Tanzania na Kenya hazimo, na si lazima ziwemo. Lakini ionosfea haiulizi uanachama.

Setilaiti nayo ina saa yake. Miaka 15 tangu Desemba 2011 inakamilika Desemba 2026, na Nigeria imeshatangaza mpango wa kuleta nyingine. Mdomo mpya utapatikana, ama wa Nigeria ama wa kukodi. Vifaa vya namna hiyo hubebwa kama abiria ndani ya setilaiti za mawasiliano, na nafasi hazikosekani.

Kinachokosekana ni masikio. Pwani hii ina mfano wa jirani. Kituo cha Luigi Broglio cha Malindi, ambako Waitaliano walirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, kilikuwa na majukwaa baharini na roketi za Scout ambazo hazikuwa na nguvu ya kufikia mzingo tuli, na urushaji ulikoma mwaka 1988. Roketi zimekwisha, lakini kipokezi cha kupimia GPS kilichofungwa hapo tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikiwatumikia wanasayansi wa dunia nzima zaidi kuliko jukwaa lolote la chuma. Kimoja hakitoshi kuisoma safu inayobadilika kwa saa na kwa kilomita. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, Wizara ya Ardhi na Mamlaka ya Bandari, badala ya kila mmoja kununua vifaa vyake na kuficha namba zake, wangeanza kwa kufunga vituo vya pamoja Tanga, Pemba, Mafia na Mtwara, na kuziachia takwimu wazi kwa Nairobi, Moroni na Dakar. Cha Tanga kitangulie, kwa kuwa ndicho kitakachokaa chini ya kilele. Kinachotakiwa ni antena juu ya paa lisilozibwa na miembe, kipokezi cha masafa mawili, umeme usiokatika na mtu mmoja anayelipwa kukitunza.